Filta za Kisanii kwa Picha Nyingi kwa Mkupuo

Filta ya kisanii ni hesabu inayobadili nukta za picha ili ifanane na mchoro wa mkono. Filta ya rangi ya mafuta hutazama nukta zinazoizunguka kila nukta, kisha huipa rangi inayojirudia zaidi kati yake. Punje ndogondogo huungana na kuwa mabaka yanayofanana na alama za brashi. Filta ya mkaa hutafuta mahali giza na mwanga vinapopakana ghafla, huchora mstari hapo, na kwingine huacha peupe.

Studio ya eneo la Buswelu yenye mamia ya picha za harusi zilizopigwa kwenye miamba ya Ziwa Victoria haiwezi kuzishughulikia moja moja. Kompyuta huandikiwa hatua mara moja, nayo huzirudia kwa folda nzima. Photoshop inarekodi hatua hizo tangu toleo la 4 la mwaka 1996. Kompyuta za Apple zilipata Automator, programu ya kazi hiyohiyo, mwaka 2005. ImageMagick, programu ya bure iliyotolewa mwaka 1990, hupokea amri ya mstari mmoja.

Mpangilio wa hatua ndio unaoamua matokeo. Kwanza ni kusawazisha mwanga. Uso mweusi uliopigwa kivulini jua la mchana likiwaka nyuma yake hauna mipaka mikali ya mwanga, hivyo filta ya mkaa hufuta macho na mdomo lakini huchora shela vizuri. Sehemu za giza zikiinuliwa mapema, sura hubaki.

Pili ni kupunguza ukubwa. Filta hupima eneo lake kwa nukta: duara la nukta 4 halionekani sana kwenye picha yenye upana wa nukta 6,000, ila kwenye picha ya nukta 1,500 hubadilisha kila kitu. Picha zote zikiletwa kwenye upana mmoja, zote hupata nguvu ileile ya filta.

Tatu ni filta yenyewe. Kipimo chake hujaribiwa kwanza kwenye picha ngumu: jiwe la matale lenye punje nyingi, ambalo hupendeza kwa rangi ya mafuta, anga tupu juu ya ziwa, ambayo huweza kugawanyika mapande, na uso wa karibu, ambao huharibika upesi.

Mwisho ni kuhifadhi kwenye folda nyingine. Amri ya mogrify ya ImageMagick huandika juu ya faili la asili isipoelekezwa kwingine kwa chaguo la -path, na faili la JPEG hupoteza ubora kila linapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Kwa hiyo kila jaribio huanzia kwenye picha ya asili. Kazi ikikamilika, picha zote hupitiwa kwa macho. Zilizoharibika hutengwa na kuhaririwa kwa mkono, kila moja kwa kipimo chake.