Wakala Si Wakili: Uteuzi na Ubadilishaji wa Wakala wa Biashara Ndogo Nchini Marekani

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja: wakili na wakala. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na mzizi wake hubeba dhana ya kumkabidhi mtu mwingine jambo lako alitende kwa niaba yako. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, ndugu hawa wameachana njia. Wakili ni mwanasheria anayemtetea mteja mahakamani, ilhali wakala ni yule anayemfanyia mwenzake shughuli fulani, mathalan mwenye kibanda cha M-Pesa mtaani.

Tofauti hii huenda ikaonekana kuwa jambo la kamusi tu. La hasha! Wapo Wakenya wanaoishi Marekani na kuendesha biashara ndogo ndogo za malori, saluni na utunzaji wa wazee. Wapo pia vijana walioko Nairobi ambao husajili kampuni zao katika jimbo la Delaware ili kuwavutia wawekezaji wa ng'ambo. Wote hawa, wanapojaza fomu ya kusajili kampuni, huulizwa jina na anwani ya wakala. Aghalabu hujaza upesi upesi na kusahau. Makala haya yananuia kueleza wakala huyo ni nani, huteuliwaje, hubadilishwaje, na kwa nini kumsahau kunaweza kumpotezea mtu jasho lake la miaka mingi.

Chimbuko la wakala

Ni kanuni ya haki kwamba mtu asihukumiwe bila kuarifiwa. Mwaka 1878, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi maarufu ya Pennoyer dhidi ya Neff. Bwana Neff alikuwa na shamba katika jimbo la Oregon lakini hakuwa akiishi huko. Mwanasheria aliyemdai ada alimshtaki Oregon, na tangazo la kesi likachapishwa gazetini. Neff hakuliona. Hukumu ikatolewa bila yeye kuwapo, na shamba lake likapigwa mnada. Mahakama ya Juu ilibatilisha hukumu ile kwa kuwa Neff hakukabidhiwa hati za kesi ndani ya jimbo hilo. Hata hivyo, majaji waliongeza kwamba jimbo lina uwezo wa kumtaka mtu asiye mkazi wake, anayefanya mikataba humo, ateue mtu wa kumpokelea hati kama hizo.

Hiyo ndiyo kazi ya wakala wa kampuni. Kampuni haina mwili wala mlango ambao tarishi wa mahakama anaweza kuubisha akiwa na hakika kwamba amefika. Kwa hivyo, sheria huitaka iwe na sikio linalojulikana, nalo sikio hilo huandikwa katika daftari la jimbo ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Majimbo hayatumii jina moja. Ohio na Arizona humwita wakala wa kisheria, Michigan na Massachusetts humwita wakala mkazi, nayo California humtaja kwa kazi yake ya kupokea hati za mahakama. Majina ni mengi lakini dhima ni ile ile.

Sifa na mipaka ya wakala

Kwa jumla, wakala huwa ni mtu mzima anayeishi katika jimbo husika au kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo humo. Sharti awe na anwani ya mahali halisi, yaani nyumba au ofisi. Sanduku la posta halikubaliki. Aidha, anatarajiwa kupatikana katika anwani hiyo saa za kawaida za kazi. Yeye hupokea hati za kuitwa mahakamani pamoja na barua rasmi za jimbo, kisha huzifikisha kwa wenye kampuni.

Mipaka yake nayo ni bayana. Wakala hamtetei mtu mahakamani, kwa maana yeye si wakili. Hajibu madai, na uwakala peke yake haumpi wajibu wa kulipa kodi za kampuni. Huko Delaware, kwa mfano, kila kampuni ya aina ya LLC hutozwa dola 300 kila mwaka, na malipo hayo hutakiwa kufikia tarehe 1 Juni. Taarifa ya malipo hupitia kwa wakala, lakini deni ni la kampuni.

Uteuzi

Mwenye biashara ana njia tatu. Njia ya kwanza ni kujiteua mwenyewe, mradi awe mkazi wa jimbo hilo. Njia hii haina gharama, ila humtaka awe mahali pamoja mchana kutwa, na anwani ya nyumba yake huwa wazi kwa umma. Dereva wa lori anayelala leo Dallas na kesho Memphis hawezi kuitegemea. Njia ya pili ni kumwomba jamaa au rafiki. Hapa pia pana hatari, kwani rafiki huweza kuhama, au akapokea bahasha na kuiweka juu ya kabati bila kujua uzito wake. Njia ya tatu ni kuiajiri kampuni inayofanya uwakala kwa malipo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya dola 50 na 300 kwa mwaka. Anayeishi Nairobi na kumiliki kampuni Delaware hawezi kutumia njia ya kwanza. Aghalabu hii ya tatu ndiyo inayomfaa.

Yafaa kukumbuka kwamba kampuni iliyosajiliwa katika jimbo moja, kisha ikaandikishwa kufanya biashara katika jingine, huhitaji wakala katika kila jimbo. New York ina utaratibu wake: huko Katibu wa Jimbo mwenyewe ndiye wakala kwa mujibu wa sheria, naye huzituma hati kwa anwani aliyopewa na kampuni. Anwani hiyo ikiwa imepitwa na wakati, barua itamfikia asiyehusika.

Ubadilishaji

Sababu za kubadilisha wakala ni nyingi: wakala amehama, amefariki, amepandisha bei, au hana bidii. Jambo la kimsingi ni kwamba mabadiliko hayakamiliki mpaka yaandikwe katika daftari la jimbo. Kumpigia simu wakala wa zamani na kumwambia kazi yake imekwisha hakutoshi, wala kumlipa mpya hakutoshi.

Utaratibu ulio salama ni huu. Kwanza, mpate wakala mpya na uhakikishe amekubali. Texas, tangu mwaka 2010, huhitaji ridhaa hiyo iwe ya maandishi au ya kielektroniki, nayo Florida hutaka wakala mpya atie sahihi. Pili, wasilisha fomu ya mabadiliko kwa jimbo na ulipe ada. Huko Texas ni Fomu 401, na kampuni ya kibiashara hulipa dola 15; Florida, LLC hulipa dola 25. Tatu, subiri uthibitisho, kisha ulisome daftari la jimbo mwenyewe ili uone kama jina jipya limeingia. Nne, hapo tu ndipo uvunje mkataba na wakala wa zamani. Tano, rudia hatua hizi katika kila jimbo ambako kampuni imeandikishwa.

Wakati mwingine wakala ndiye anayejiuzulu. Sheria ya Delaware humtaka aiarifu kampuni angalau siku 30 kabla ya kuwasilisha hati ya kujiuzulu. Baada ya hati kuwasilishwa, kampuni hupewa siku 30 nyingine iteue wakala mpya. Ikishindwa, LLC hufutiwa usajili wake.

Gharama ya kusahau

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye kampuni ndogo ya malori huko Texas alijiteua kuwa wakala, akaandika anwani ya nyumba ya kupanga, kisha akahama. Lori lake likagonga gari la mtu. Mtu huyo akaishtaki kampuni, na tarishi akaenda katika nyumba ile asimpate mtu. Sheria ya Texas husema kwamba wakala asipopatikana baada ya juhudi za kutosha, Katibu wa Jimbo huwa ndiye wakala, naye huituma hati kwa anwani iliyomo daftarini. Mwaka 2004, katika kesi ya Campus Investments dhidi ya Cullever, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilishikilia kwamba cheti cha Katibu kinatosha kuthibitisha kuwa hati zilipokelewa na kutumwa, isipokuwa pakiwa na ulaghai au kosa. Kampuni iliyozembea kusahihisha taarifa zake haikuokolewa.

Mshtakiwa huko Texas hutakiwa kujibu kufikia saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Muda huo ukiisha kimya, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Mwenye malori anaweza kuzipata habari akaunti yake ya benki inapozuiwa, hata kama alikuwa na utetezi mzuri ambao hakuna aliyewahi kuusikia.

Hitimisho

Msingi huu si mgeni kwetu. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 huitaka kila kampuni iwe na ofisi iliyosajiliwa nchini, na kampuni ya kigeni iwe na mwakilishi hapa. Popote pale, sheria huuliza swali moja: tukikuita, nani ataitika? Wenye jamaa ng'ambo na wawaulize swali hilo, kisha wawasihi walifungue daftari la jimbo lao na kusoma jina lililoandikwa humo. Wakili hutafutwa siku ya kesi. Wakala asipokuwa mahali pake, siku hiyo hupita bila mwenyewe kujua. Tahadhari kabla ya hatari.