Mshambuliaji hafungi? Anza kuhesabu pasi zilizomfikia

Ingia kibanda umiza chochote pale Kipawa siku Taifa Stars inacheza. Ikifika dakika ya sabini bila bao, lazima utasikia mtu akipiga kelele: "Mtoeni Samatta!" Pengine hata wewe umeshasema. Na kweli mabao yalikuwa haba: AFCON ya 2019 kule Misri tulifunga mawili katika mechi tatu, na ile iliyochezwa Ivory Coast mwaka 2024 tukafunga moja tu, la Msuva, dhidi ya Zambia iliyomaliza mechi ikiwa na wachezaji kumi.

Lakini hebu tazama rekodi ya Samatta mwenyewe. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 katika ligi ya Ubelgiji, na Genk ikachukua ubingwa. Januari 2020 akahamia Aston Villa: mechi 14 za ligi, bao moja. Mguu ni ule ule. Sawa, mabeki wa Uingereza hawana utani, na hilo lina mchango wake. Ila Genk ilikuwa timu ya kumiliki mpira, yenye viungo kama Malinovskyi wa kumlisha. Villa ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, ikamaliza ya 17.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Tuseme mpira unahitaji pasi tano kutoka kwa beki hadi kwa mshambuliaji ndani ya boksi. Kila pasi ikiwa na uwezekano wa asilimia 90 kufika, zidisha 0.9 kwa yenyewe mara tano: unapata 0.59. Yaani katika mashambulizi 100, kama 59 yanamfikia. Shusha kila pasi iwe asilimia 80, yanabaki 33. Umeona? Hakuna aliyeboronga peke yake. Kila mmoja kapoteza pasi moja zaidi katika kumi, lakini aliye mbele kapoteza karibu nusu ya mipira yake. Uwanjani pasi hazifanani hivyo (ya kipa kwa beki ni rahisi mno kuliko ya mwisho), ila tatizo linakua kwa namna hiyo hiyo.

Halafu kuna ubora wa nafasi. Wachambuzi hutumia kipimo cha mabao tarajiwa: kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1 kutokana na umbali, pembe na mengineyo. Penalti ni kama 0.78. Shuti la mbali nje ya boksi mara nyingi halifiki 0.05, kwa hiyo hata ukipiga 20 za aina hiyo, usitarajie zaidi ya bao moja.

Timu ikikaa nyuma kujilinda, mambo yanazidi kuharibika. Mpira ukinaswa, mshambuliaji anaupokea akiwa amelipa goli mgongo, mabeki wawili wamemganda, kiungo wa karibu yuko mita thelathini nyuma. Mabeki wa pembeni nao hawapandi, wanaogopa kuacha uwazi. Hapo kumwingiza mshambuliaji mwingine ni kumbadilisha tu mtu wa kulaumiwa.

Mechi ijayo chukua kalamu. Andika mara ngapi namba tisa ameguswa na mpira ndani ya boksi, na kila shambulizi linalokufa, andika limekufia kwa nani. Nadhani majina mengi utakayoandika yatakuwa ya viungo na mabeki.