Maji ya paa yasiingie kwa ndama: tengeneza gata na mitaro kabla ya masika

Mfugaji, masika katika mkoa wetu wa Morogoro huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Kati ya mvua za vuli na masika kuna majuma kadhaa ya jua, mwezi wa Januari na Februari, ambapo udongo unakauka, ngazi inasimama vizuri na fundi anapatikana bila kugombewa. Huo ndio wakati wa kulikagua paa lako. Ukisubiri wingu la kwanza utakuta kila mtu katika kata anamtafuta fundi yule yule.

Nyumba nyingi za wafugaji kwenye tambarare za Mkata, Wami na Ruvu siku hizi zimeezekwa kwa mabati. Bati ni zuri, halivuji kirahisi na halishiki moto kama nyasi. Lakini halinywi hata tone moja. Maji yote yanayolipiga huteremka kwa mkupuo na kuanguka pale pale ukingo wa paa unapoishia.

Fanya hesabu hii pamoja na watoto wako wanaosoma shule. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua kubwa ya jioni moja ya masika ikileta milimita 50, paa hilo litamwaga lita 2,400. Hizo ni ndoo 120 za lita 20. Kwa uzito, ni sawa na ng'ombe wetu wa asili nane au tisa. Nusu ya maji hayo, yaani ndoo 60, huanguka upande mmoja wa nyumba, na nusu nyingine upande wa pili.

Sasa jiulize: banda la ndama wako liko wapi?

Katika maboma mengi liko ubavuni mwa nyumba, chini ya ukingo wa paa. Kuna sababu nzuri ya kuliweka hapo. Mama mwenye nyumba anasikia ndama akilia usiku, fisi anaogopa kusogea, na ukuta unakinga upepo. Kwa hiyo hatukuambii uwahamishe ndama wako. Tunachosema ni kwamba ndoo hizo 60 zisiachwe ziwamwagikie.

Ndama akilala kwenye tope, kitu cha kwanza anachopoteza ni joto. Manyoya yakilowa hayamkingi tena, na maziwa aliyonyonya yanatumika kupasha mwili badala ya kumkuza. Baada ya hapo huja kichomi: anakohoa, anapumua haraka, kamasi inatoka puani, anaacha kunyonya. Tope lililochanganyika na samadi humletea kuhara, kwa sababu ndama hulamba kila kitu. Aliyezaliwa usiku wa mvua hupata uchafu kitovuni, na unaweza kumwona siku chache baadaye viungo vya miguu vimevimba. Mbuzi na kondoo wana shida yao nyingine. Ngozi kati ya kwato hulainika, huanza kuoza na kutoa harufu, nao huchechemea hadi washindwe kwenda malishoni na wenzao. Na ng'ombe anayekamuliwa akilala kwenye tope, ugonjwa wa kiwele hauko mbali.

Tuseme wazi jambo moja. Ndigana kali hailetwi na tope, inaletwa na kupe. Usipunguze kuogesha mifugo eti kwa kuwa banda limekauka.

Gata lenyewe

Kabla ya kununua chochote, panda juu uangalie. Fanya hivyo asubuhi bati likiwa bado la baridi, na mtu ashike ngazi. Misumari iliyolegea ipigwe tena au ibadilishwe, maana upepo unaotangulia mvua ndio unaong'oa mabati. Angalia kofia ya juu na mahali bati moja linapolala juu ya jingine. Ondoa majani, matawi na viota. Kama una gata la zamani, toa udongo wote uliojaa ndani. Gata lililoziba ni baya kuliko kukosa gata, kwa sababu linabeba uzito, linaozesha ubao unaolishikilia na linatuamisha maji ambayo mbu huzaliana humo.

Gata jipya si lazima liwe la dukani. Fundi bati anaweza kulikunja kutoka kwenye bati bapa lisilo na migongo. Bomba la plastiki la inchi 4 likipasuliwa katikati kwa urefu hutoa magata mawili yanayotosha nyumba ya kiasi tulichokitaja. Mianzi mikubwa iliyopasuliwa na kutolewa vifundo vya ndani nayo hufanya kazi, ingawa baada ya misimu michache itakubidi kuibadilisha. Upana wa sentimita 10 hadi 15 unafaa. Mafundi wengine hutengeneza jembamba zaidi ili bati moja litoe magata mengi. Usikubali, mvua kubwa itaruka juu yake.

Kazi inayoharibika mara nyingi zaidi ni mwinamo. Gata lazima liinamie upande wa bomba la kushushia maji, nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita. Kwa nyumba ya mita 8, basi, mwisho wa gata uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 4 hadi 8. Usitumie macho peke yake, kwa sababu nyumba nyingi zenyewe zimeinama. Tumia mpira wa maji wa mafundi, au uzi na pimamaji. Vishikizo viwekwe kila baada ya nusu mita hivi. Vikiwa mbali zaidi, gata likijaa maji litabonyea katikati na mwinamo wako umeishia hapo. Ncha ya bati iingie ndani ya gata kidogo, lakini isilifunike.

Ukimaliza, kabla fundi hajalipwa, mpandishe kijana na ndoo mbili za maji amimine upande wa juu. Maji yatembee hadi mwisho bila kusimama na bila kuvuja kwenye maungio. Dakika tano hizo ni muhimu kuliko maelezo yoyote ya fundi.

Bomba la kushushia lizungushiwe miiba au nguzo imara. Ng'ombe hujikuna popote, na mbuzi hawana adabu. Bomba la plastiki lisilolindwa halimalizi msimu.

Maji ya kutumia

Wengi watatengeneza gata kwa ajili ya maji zaidi kuliko kwa ajili ya ndama, na hilo ni sawa. Tanki la lita 1,000 linaweza kujaa karibu lote kwa mvua moja ya milimita 25 kwenye paa la mita za mraba 48, hata ukikadiria kwamba sehemu moja ya tano inapotea. Kwa mama au binti anayetembea kwenda mtoni au lamboni, hizo ni safari nyingi zilizookolewa. Hata mapipa mawili chini ya bomba ni mwanzo mzuri.

Maji ya mwanzo wa mvua yaachwe yaende. Yanabeba vumbi la miezi, kinyesi cha ndege na masizi ya moshi. Geuzia bomba pembeni mpaka maji yaonekane safi, ndipo uelekeze kwenye tanki. Mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu mdogo usiopitisha mbu. Maji ya kunywa watu yachemshwe au yatiwe dawa. Ndama na mbuzi wagonjwa wanaobaki nyumbani wanaweza kunywa yalivyo.

Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Lisiwekwe juu ya udongo laini wa samadi. Jenga msingi wa mawe au matofali, kimo cha kutosha ndoo kuingia chini ya bomba. Na kila tanki hujaa: weka mahali pa maji ya ziada kutokea, kisha yaongoze mpaka kwenye mtaro.

Onyo hili lisomwe na kila mtu nyumbani: pipa au dumu lililowahi kubeba dawa ya kuogesha mifugo au dawa ya kunyunyizia mashamba lisikinge maji kamwe, hata likioshwa mara kumi. Sumu hubaki ndani ya plastiki. Litoboe ili mtu mwingine asilichukue.

Mtaro wa boma

Gata bila mtaro ni kuhamisha tope kutoka ukutani kwenda mlangoni. Maji yakifika chini lazima yawe na njia.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mwingi Mkata na maeneo ya Wami, usichimbe shimo la kunywesha maji ukitegemea yatazama. Udongo huo ukilowa huvimba na kuziba, na shimo linakuwa bwawa la mbu. Huko maji yaondolewe juu kwa juu, kwa mtaro mpana usio na kina kirefu, mpaka mahali penye nyasi. Kwenye udongo wa kichanga shimo lililojazwa mawe hufanya kazi vizuri.

Usielekeze mtaro kwenye njia ya ng'ombe. Njia hiyo tayari haina nyasi, na maji ya paa yakiipata yatachimba korongo kwa misimu miwili au mitatu. Wala usiyapitishe maji ndani ya zizi kubwa. Yatakomba samadi na kuipeleka kwenye lambo ambalo mifugo yako yenyewe inakunywa.

Kama boma liko kwenye mteremko, maji ya paa ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Mengi yanatoka juu. Chimba mtaro wa kukinga upande wa juu wa boma, kina cha sentimita 30 hivi, udongo uutupe upande wa chini ili uwe tuta. Mwisho wa mtaro panda nyasi au panga mawe. Ndani ya banda la ndama, inua sakafu kwa kokoto na udongo mgumu mpaka iwe juu kuliko nje, halafu tandika nyasi kavu na uzibadilishe zikilowa. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa kule Mgeta, ambako mbuzi wenye asili ya Norway waliletwa kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine miaka ya 1980, hufuga kwenye mabanda yaliyoinuliwa, yenye sakafu ya fito zilizoachana kidogo. Mkojo na kinyesi huanguka chini, mbuzi wanalala pakavu. Kwa watoto wa mbuzi wachache, jukwaa dogo la namna hiyo hata mfugaji wa tambarare anaweza kulijenga kwa siku moja.

Kama unaishi kwenye enkaji iliyokandikwa, gata halikuhusu, lakini mtaro unakuhusu sana. Kandika paa upya kwa udongo na samadi kabla ya Machi, si baada ya kuanza kuvuja, na chimba mfereji kuzunguka ukuta wote. Pale ndama wadogo wanapolala ndani, inua sakafu kwa kimo cha shibiri moja.

Mvua ya mlimani

Miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, upande wa Kinole, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati tambarare nyingi za chini hazifiki 1,000. Ndiyo maana Ruvu inaweza kujaa na kwako jua linawaka. Upande wa Kilosa ni vivyo hivyo kwa maji yanayotoka Rubeho na Ukaguru. Wakazi wanakumbuka Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na mafuriko ya Dumila na Magole ya Januari 2014. Gata na mtaro haviwezi kuzuia mto. Aliyejenga karibu na kingo ajue mapema ni mwinuko upi atawapeleka ndama na wazee, na asikilize taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni.

Mvua zikizidi, mbuga zikasimama maji kwa majuma, kumbuka Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa, na katika nchi nzima ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 100. Dalili kubwa ni mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na vitoto kufa ghafla. Ukiona hivyo usishike kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu, usichinje mgonjwa, chemsha maziwa, na mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Mvua ya kwanza kubwa ikianguka mchana, bila radi, jifunike mwavuli au turubai uzunguke nyumba na boma. Angalia maji yanaruka wapi juu ya gata, yanasimama wapi, yanaingia wapi kwa ndama. Chomeka kijiti kila mahali pabovu. Kesho yake, udongo ungali laini, chukua jembe na chepe ufuate vijiti hivyo kimoja kimoja.