Una miaka 40 na kitu, unakwenda Ulaya mara ya kwanza: Uvae nini bila kuganda wala kumaliza akiba?

Viza ikishatoka na tiketi ikishakatwa, kila mtu anakuwa na ushauri. Dada mtu anasema nunua koti zito kuliko yote sokoni. Shoga wa ofisini anasema achana na vitenge, utaonekana mshamba. Mtoto anayesoma huko anatuma meseji fupi tu: "Mama, viatu."

Kati ya hao watatu, aliye karibu zaidi na ukweli ni mtoto.

Kwa mwanamke wa miaka 40 na kitu anayekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, iwe ni kwa mahafali ya mwanawe, semina ya kazini au mapumziko aliyoyawekea akiba kwa miaka, nguo si suala la kupendeza tu. Ni suala la pesa, maana koti na buti vikinunuliwa kwa pupa vinakula hela ya kutembelea. Na ni suala la afya, maana mwili wa miaka 45 si ule wa miaka 25.

Habari njema ni kwamba nguo zinazohitajika ni chache kuliko hofu inavyosema, na baadhi tayari ziko kabatini.

Ulaya ipi, na mwezi gani?

Kusema "Ulaya kuna baridi" ni sawa na kusema "Tanzania kuna joto". Mtu wa Makete atakucheka.

London mwezi Januari, mchana joto huwa kama nyuzi 8 na usiku hushuka hadi 2 au 3. Stockholm, Sweden, mwezi huohuo ni kuzunguka sifuri au chini yake. Lakini Roma mwezi Julai ni zaidi ya nyuzi 30, kama Dar es Salaam ya Januari.

Na kuna siku hali inazidi hapo. Julai 25, 2019, Paris ilifika nyuzi 42.6. Julai 19, 2022, England nayo ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika rekodi zake. Nyumba nyingi huko hazina kiyoyozi. Aliyefika siku hizo na begi la masweta alibeba mzigo wa bure.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia utabiri wa hali ya hewa wa mji unaokwenda, si wa bara zima. Kipimo rahisi ni hiki:

- Chini ya nyuzi 10: koti zito, kofia, skafu na glovu.
- Nyuzi 10 hadi 18: jaketi jepesi na sweta.
- Zaidi ya nyuzi 20: nguo zako za kawaida, pamoja na kitu cha kujifunika jioni.

Kumbuka mwanga pia. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Mwezi Juni linazama baada ya saa 3 usiku. Kwenye baridi, giza linapoingia ubaridi nao unaongezeka, hivyo nguo ya saa 6 mchana inaweza isitoshe saa 11 jioni.

Koti moja zito si jibu

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Wanaweka pesa yote kwenye koti moja kubwa, ndani wanavaa blauzi nyepesi.

Nguo haitengenezi joto. Joto linatoka mwilini, kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Kinacholizuia ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo. Ndiyo maana nguo tatu za wastani zilizopandana zinaweza kushinda koti moja nene.

Mpangilio wenyewe ni huu:

- Ya kwanza ni fulana na taiti za kuhifadhi joto, zinazogusa ngozi.
- Ya pili ni sweta, la sufu ukilipata.
- Ya tatu ni koti linalozuia upepo na mvua, lenye kofia yake.

Nguo ya pamba isiwe ile inayogusa ngozi wakati wa baridi kali. Pamba ikipata jasho au mvua inakaa na maji, na mwili unapoa haraka. Sufu hata ikilowa kidogo bado inatunza joto.

Kuna sababu nyingine ya kupandanisha nguo, nayo watu hawaambiwi: nje ni baridi, ndani ni joto. Treni, maduka, ofisi na nyumba zina hita. Ukiingia dukani na sweta zito juu ya fulana nene, ndani ya dakika 10 unatoka jasho. Ukitoka nje na jasho hilo, unatetemeka. Nguo zilizopandana unazipunguza na kuziongeza kadiri unavyokwenda.

Mwili wa miaka 40 na kitu una sheria zake

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, lakini dalili zake zinaweza kuanza miaka kadhaa kabla. Mojawapo ni joto la ghafla: uso unawaka, jasho linatoka, kisha baridi inafuata. Likikukuta ndani ya treni ukiwa na poloneki ya shingo ndefu isiyofunguka, ni mateso.

Chagua nguo zinazofunguka mbele kwa zipu au vifungo. Badala ya poloneki, vaa nguo ya shingo ya kawaida na ongeza skafu. Skafu inatoka kwa sekunde mbili, poloneki haitoki mbele za watu.

Jambo la pili ni kiuno. Kukaa kwenye ndege saa nyingi kunajaza tumbo gesi na kuvimbisha miguu. Kutoka Nairobi hadi London bila kutua popote ni kama saa 9. Ukiunganisha ndege ni zaidi. Siku ya safari si siku ya jinzi ya kubana. Suruali au sketi ya lastiki inafaa zaidi.

Jambo la tatu ni damu kuganda miguuni, hatari inayoongezeka mtu anapokaa bila kusogea kwa saa nyingi. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, mwenye uzito mkubwa, au aliyewahi kupata tatizo hilo, azungumze na daktari kabla ya safari. Anaweza kushauriwa kuvaa soksi maalumu za kubana miguu. Soksi hizo zinapimwa mguuni, haziokotwi tu. Kwa wote, kusimama na kutembea kidogo ndani ya ndege kunasaidia.

Viatu: hapa ndipo pa kuweka pesa

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kipya na kizuri, kiwe viatu.

Watu wa miji ya Ulaya wanatembea sana kwa miguu. Hakuna bodaboda ya kukuchukua mlangoni kila unapochoka, na teksi ni ghali. Siku ya matembezi, kilomita 8 au 10 si ajabu. Mitaa ya zamani ya Roma, Prague, Lisbon na Edinburgh imetandikwa mawe, na mawe hayo yakilowa yanateleza. Treni za chini ya ardhi za Paris zilianza mwaka 1900, na vituo vingi havina lifti. Ni ngazi, na begi mkononi.

Mchuchumio mwembamba unanasa katikati ya mawe hayo. Ndala laini hazishiki mguu. Kiatu kinachofaa kina soli nene isiyoteleza, kinashika kisigino na hakiingizi maji. Raba nyeusi isiyo na mapambo inavaliwa na suruali, gauni, hata kwenye mkutano usio rasmi sana.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Usivae kiatu kipya siku ya safari. Anza kukitembelea wiki mbili au tatu kabla, hapa hapa nyumbani.
- Kijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na vaa soksi nene utakazotumia.
- Beba jozi mbili. Moja ikilowa, nyingine inapumzika.

Kama kuna sherehe, viatu vya kisigino kinene na kifupi vinatosha.

Vitenge viachwe nyumbani?

Hapana. Kinachomfanya mtu aonekane amepotea si kitenge, ni kuvaa nguo asizozizoea na kuhangaika nazo siku nzima.

Gauni la kitenge lenye mikono mirefu, taiti nene chini na sweta la rangi moja juu yake, linakwenda vizuri kwenye mahafali au chakula cha jioni. Siri ni rangi: kitenge kikiwa na maua mengi, koti, viatu na skafu viwe vya rangi moja iliyotulia, kama nyeusi, bluu iliyokolea au kahawia. Hivyo nguo moja inaoana na zote, na begi linapungua.

Usisahau kanga. Ndani ya ndege ni shuka. Hotelini ni ya kutokea bafuni. Kanisani ni ya kujifunika mabega.

Hilo la mwisho si utani. Kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatican, mabega na magoti lazima yafunikwe. Watu wanasimama foleni kwenye jua kali, wanafika mlangoni na kurudishwa kwa sababu ya gauni lisilo na mikono. Mwenye kanga anajitanda na kupita.

Kwa wanaovaa hijabu na nikabu

Baibui, hijabu na mtandio havina shida mtaani kwa mgeni. Tena kwenye baridi vinasaidia kufunika masikio na shingo.

Nikabu ni habari nyingine. Ufaransa ilianza kutekeleza marufuku ya kufunika uso hadharani Aprili 2011, na faini yake ni hadi euro 150. Ubelgiji, Austria na Denmark nazo zina sheria ya namna hiyo, na Uswisi ilianza Januari 1, 2025. Anayevaa nikabu ajue sheria ya nchi anayokwenda, pamoja na zile atakazopita njiani, kabla hajapanda ndege.

Pa kupata nguo bila kufilisika

Makoti mengi ya baridi yanayouzwa kwenye mitumba yametoka huko huko Ulaya. Koti la sufu linalokosa mnunuzi Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, kwa sababu ya joto, ndilo unalolihitaji. Kagua zipu, vifungo na bitana, linuse, kisha lipeleke dobi mapema.

Walio karibu na Moshi au Arusha wana njia nyingine. Kuna maduka yanayokodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro, yakiwa na majaketi, glovu na fulana za joto. Kwa safari fupi, kukodi au kuazima kwa ndugu aliyewahi kwenda kunaweza kuwa nafuu kuliko kununua.

Ukiamua kununua ukifika, zingatia msimu. Ufaransa ina vipindi viwili vya punguzo vilivyowekwa kisheria, cha majira ya baridi na cha majira ya joto, kila kimoja wiki nne. Uingereza kuna maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotumika kwa bei ndogo.

Angalia namba pia, kwa sababu hazifanani. Gauni la 14 Uingereza kwa kawaida ni 40 Ujerumani, 42 Ufaransa na 46 Italia. Usikate tamaa ukiona namba imepanda. Ni vipimo vya nchi, mwili ni uleule.

Begi la siku 10 wakati wa baridi

Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 23 kwa begi moja, lakini utalibeba mwenyewe kwenye ngazi. Orodha hii inatosha:

- Koti 1 lisiloingiza maji
- Masweta 2, moja la kufunguka mbele
- Fulana za joto 2 na taiti za joto 2
- Suruali 2 na sketi au gauni 1 zito
- Gauni 1 la kitenge la shughuli
- Blauzi 3
- Soksi nene jozi 5, nguo za ndani za siku 7
- Skafu, kofia na glovu
- Viatu jozi 2
- Kanga 1
- Pochi ya kuning'iniza mbele, yenye zipu. Vibaka wa kwenye treni na vivutio vya watalii wa Paris, Roma na Barcelona wanajulikana.

Wiki moja kabla ya safari, vaa kila kitu pamoja kama utakavyovaa siku ya kwanza. Kaa, inama, panda ngazi, nyanyua mikono kama unaweka begi juu. Kinachobana au kupanda juu, kiache.

Na siku ya kuondoka, koti, skafu na soksi nene visiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Begi linaweza kuchelewa. Kushuka Januari alfajiri na sandozi na mikono wazi, huku koti liko mji mwingine, si mwanzo mzuri wa safari uliyoisubiri miaka yote hiyo.