Nani Amelipa? Chini Kuna Nini?

Paukwa? Pakawa!

Palikuwa na bango kubwa njia panda, jirani na stendi ya daladala. Wiki iliyopita lilibeba picha ya soda: chupa imetoka jasho, vijana wanacheka. Wiki hii limebeba mgombea: mkono juu, tabasamu pana, shati limenyooshwa kwa pasi. Nguzo ni zilezile. Misumari ni ileile.

Msichana mmoja alipita hapo akitoka shule. Wenzake humwita Kidadisi, kwa maswali yake. Akasimama.

“Shikamoo, bango.”

“Marahaba, mwanangu. Wote hunitazama, ila hakuna anayenisalimu. Una shida gani?”

“Wiki iliyopita ulisema soda ndiyo furaha. Leo unasema mzee huyu ndiye maendeleo. Wewe mwenyewe unaamini lipi?”

Bango likacheka mpaka mabati yakalia. “Mimi siamini chochote! Mimi ni wa kukodishwa. Anilipaye ndiye nimsemeaye. Kwa hiyo ukinikuta nimesimama hapa nasema, uliza kwanza: nani amelipa?”

Mmeona, wanangu? Swali moja la mtoto limelifanya bango litoboe siri. Kuuliza si ujinga. Ulizeni tu.

“Basi wewe ni mwongo?” akauliza Kidadisi.

“Mara nyingine. Lakini mara nyingi sina haja ya uongo. Umemwona muuza nyanya anavyopanga tenga lake? Zile nyekundu, ngumu, zinazong'aa, anaziweka juu. Zilizopondeka anazilaza chini. Nyanya za juu ni za kweli kabisa. Hata hivyo mama yako halipi mpaka apenyeze mkono chini. Swali la pili ndilo hilo: chini kuna nini?”

“Nipe mfano.”

“Umeomba vizuri. Mwaka 1946, kule Marekani, watengenezaji wa sigara za Camel walianza kutangaza kwamba madaktari wengi huvuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Pichani alikuwapo daktari na koti lake jeupe. Wewe ukiona koti jeupe, unawaza nini?”

“Nawaza kupona.”

“Hodari! Ndivyo walivyotaka uwaze. Hiyo ni mbinu ya kuazima heshima ya mtu mwingine. Leo anaazimwa daktari, kesho mwanamuziki, keshokutwa mchezaji mpira.”

“Lakini si madaktari waliulizwa kweli?”

“Waliulizwa. Ila wanahistoria waliolichunguza jambo hilo wanaeleza kwamba, yaelekea, wengi waliulizwa wakiwa wametoka kupewa katoni za Camel za bure! Na chini kulikuwa na nini? Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali ya nchi hiyo alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba uvutaji sigara husababisha saratani ya mapafu.”

Kidadisi akamtazama yule mgombea. “Na huyu je?”

“Nani amelipa, tayari unajua kuuliza. Sasa zitazame mbinu zake. Kuna picha yake akitafuna mahindi ya kuchoma na wananchi, amevaa kandambili, ili useme, ‘Huyu ni mwenzetu.’ Malori yameleta watu uwanjani kutoka vijiji vya mbali, ili useme, ‘Wote wako huku, mimi nibaki na nani?’ Yeye humwita mshindani wake kibaraka na haelezi huyo mshindani amefanya kosa gani, ili ulichukie jina kabla hujasikia hoja. Na hapa kifuani kwangu wameandika MAENDELEO. Nani atayakataa maendeleo? Wewe uliza: yapi? Wapi? Lini? Kwa fedha za nani?”

“Na fulana anazogawa bure?”

“Aa, hapo pana mtego mtamu. Ukipewa kitu, unaona haya kumnyima aliyekupa. Ndivyo tulivyolelewa, na ni malezi mema. Mjanja huyageuza malezi hayo kuwa kamba. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliruhusu wagombea kuwapa watu takrima, yaani vitu vya ukarimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kipengele hicho. Mgombea asiye na kitu angeshindanaje na mwenye mifuko iliyojaa?”

Kidadisi akanuna. “Basi sitaamini tangazo lolote tena.”

“La, mwanangu! Anayekataa kila kitu naye hajafikiri. Mwaka 1973 redio nchini Tanzania ilitangaza kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi. Wakasikiliza redio. Wakasoma vijitabu. Wakajadiliana wenyewe kwa wenyewe. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyoficha mbu. Huko nako kulikuwa kushawishi, tena kwa nguvu. Lakini baada ya matangazo palikuwa na nafasi ya kujadili. Anayekutakia mema hakuharakishi, wala haogopi maswali yako.”

Kidadisi akalishukuru bango, akaenda zake.

Nanyi wanangu, mna vichwa vyepesi, vitumieni. Kesho mtasikia tangazo redioni. Mtaona video kwenye simu ya dada. Mtapishana na gari lenye spika kubwa likipiga muziki na kutaja jina la mtu. Chezeni muziki, hakuna ubaya. Muziki ukiisha, ulizeni: nani amelipa? Chini kuna nini? Mkiridhika na majibu, soda nunueni. Na mtakapotimiza miaka 18, mgombea mkimwona anafaa, mpigieni kura. Mkimwona hafai, fulana yake vaeni mkiendea shamba. Kura ni yenu, na kura ni siri.