Mifupa au Damu? Kuisoma The Bone People ya Keri Hulme kutoka Kisauni

Katika lugha ya Wamaori wa Nyuzilandi, neno iwi lina maana mbili ambazo hazitenganishwi: mfupa na kabila. Anayeulizwa iwi yake anaulizwa kwa mpigo mmoja watu wake ni akina nani na mifupa ya wazee wake imelala wapi. Keri Hulme alilijengea neno hilo riwaya nzima, The Bone People, iliyochapishwa mwaka wa 1984 na kutunukiwa tuzo ya Booker mwaka wa 1985. Makala haya yananuia kuieleza riwaya hiyo kwa mwanafunzi wa Kiswahili ambaye huenda amelisikia jina lake tu darasani, katika somo la fasihi linganishi, na kulidadisi swali moja: lau ingetafsiriwa kwa Kiswahili, ingeitwaje? Swali hili laonekana dogo. Nionavyo, ndilo linalofungua kila mlango mwingine wa riwaya hii.

Hulme alizaliwa Christchurch mwaka wa 1947 na akafariki mwezi wa Desemba 2021. Kwa upande wa mama alikuwa na asili ya Kāi Tahu, kabila la Wamaori wa kisiwa cha kusini. Aliwahi kuwa kibarua wa kuchuma tumbaku, na kwa muda wa takriban miaka kumi na miwili aliuandika na kuuandika upya mswada mmoja. Wachapishaji wakubwa waliukataa, wengine wakimtaka aupunguze na kuunyoosha. Alikataa katakata. Hatimaye riwaya ilitolewa na Spiral, kikundi kidogo cha wanawake ambacho hakikuwa hata na kiwanda cha kuchapa, kikaanza na nakala 2,000 tu. Nakala hizo ziliisha upesi. Ilipotangazwa London kuwa The Bone People ndiyo iliyoshinda Booker, mwandishi mwenyewe hakuwapo. Wanawake watatu wa Spiral ndio waliopanda jukwaani, na mwito wa karanga, ambao Wamaori hupokea nao wageni, ukasikika katika ukumbi wa Waingereza wenye suti nyeusi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwandishi wa Nyuzilandi kuipata tuzo hiyo, na mara ya kwanza kwa riwaya ya kwanza ya mwandishi yeyote.

Kisa chenyewe kina watu watatu. Kerewin Holmes ni mchoraji ambaye hawezi tena kuchora. Amegombana na jamaa zake, amejijengea mnara kando ya bahari kwa fedha za bahati nasibu, na anaishi humo peke yake bila kutamani mume wala mtoto. Simon ni mvulana wa miaka sita au saba aliyetupwa ufukweni na jahazi lililozama. Hasemi, huiba vitu, na huzungumza kwa ishara na kwa vikaratasi anavyoviandika. Joe Gillayley, Mmaori aliyefiwa na mke na mtoto mchanga, ndiye anayemlea Simon. Hakuna damu kati ya yeyote na mwenziwe. Wote watatu ni watu wa pembeni: mwanamke asiye na ukoo anaoutaka, mtoto asiye na ukoo anaoujua, na mwanamume ambaye ukoo wake umezikwa.

Joe anampenda Simon. Jambo hili sharti lisemwe mapema, kwa sababu msomaji akilijua baada ya kugundua linalofuata atalikataa. Joe humpikia, humwogesha, humbembeleza usiku akiota ndoto mbaya. Na Joe humpiga. Hampigi makofi mawili ya kumrudi, bali kwa mshipi na kwa ngumi, hadi mgongo wa mtoto umejaa makovu juu ya makovu. Kerewin anayaona makovu hayo siku moja, na hapo ndipo riwaya inapoanza kumbana msomaji. Haendi polisi. Anamwekea Joe sharti kwamba asimguse tena mtoto bila idhini yake, kisha wote watatu wanakwenda kupumzika ufukweni kama familia. Jamaa za Joe nao wanajua, na wananyamaza. Baadaye, siku ambayo Simon ameiba kisu chake na kulivunja gitaa lake, Kerewin anazungumza na Joe kwa simu, na katika hasira idhini ile inatoka kinywani mwake. Joe anampiga mtoto hadi karibu na kufa. Simon, naye, anamchoma Joe kwa kipande cha kioo. Joe anafungwa miezi mitatu tu gerezani, na mtoto anachukuliwa na serikali.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa kunyamaza huko. Tuna neno lake, nalo ni neno jema: sitara. Mambo ya nyumba hayatoki nje, siri ya mtungi aijuaye kata, na jirani anayesikia kilio usiku ukutani kwake, pale Kisauni au Likoni au Changamwe, huongeza sauti ya redio. Tunayo pia methali inayompa mpigaji hoja: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii, hata hivyo, imechukulia kwamba mtoto ana sauti ya kulia nayo. Hulme amemnyima Simon sauti kwa makusudi. Mtoto huyu hana wa kumshtakia, na hata angekuwa naye hangeshtaki, kwa kuwa anachokiogopa zaidi ya kipigo ni kutengwa na Joe. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili. Kifungu hicho hakiwezi kutueleza la kufanya na mtoto anayemkimbilia anayemtesa. Riwaya inaweza angalau kutuonyesha kwamba mtoto kama huyo yupo.

Hapa ulinganishi na riwaya ya Kiswahili unatufaa. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) Bwana Maksuudi ni dhalimu kwa mkewe na kwa bintiye, na msomaji anamtambua udhalimu wake tangu mbali, kwa namna anavyojikweza mbele za watu. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), mhusika mkuu, aliyezaliwa nje ya ndoa na kufiwa na mamaye, anateseka mikononi mwa Mzee Kazikwisha, mtu wa ulevi na maguvu. Jina Kazikwisha lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya tendo. Jadi yetu ya majina ya kimajazi ina utamu wake, lakini ina gharama: anayepiga ni mtu mwingine, si sisi, na kitabu kinapofungwa tunalala. Joe hana jina la kimajazi. Ni mtu mcheshi, mwenye huzuni, ambaye tungempenda tukikaa naye barazani. (Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa ataje sifa tano za mhusika, kila moja na mfano wake, atapata taabu hapa, sifa ya nne itaifuta ya pili.)

Kuna tofauti nyingine iliyo na uzito zaidi. Mtengwa wa Walibora anaitwa Kongowea Mswahili, na Kongowea ni jina la kale la Mombasa, ambalo leo linabaki katika mtaa na soko upande huu wa bara ng'ambo ya Nyali. Kijana huyo aliyesimangwa kwa kutokuwa na baba anafunga safari kutoka Tanga hadi upande wa Kitale kumtafuta baba yake wa damu, naye anampata. Unyonge wa mwanaharamu unaponywa kwa kumpata mzazi. Riwaya ya Hulme inaufunga mlango huo. Kerewin anachunguza asili ya Simon, anaokota vidokezo vya hapa na pale, na uchunguzi unafifia bila kumponya mtu. Asili ya Simon ikijulikana isijulikane, bado atamtaka Joe.

Haikukosa wapinzani. Miongoni mwa waamuzi watano wa Booker mwaka ule, Joanna Lumley aliipinga waziwazi kwa sababu ya namna ilivyoyapamba kwa lugha tamu mateso ya mtoto. Pingamizi hili halistahili kupuuzwa. Nathari ya Hulme ni ya kishairi, inaruka kutoka fikra ya mhusika mmoja hadi ya mwingine katikati ya aya, na kuna kurasa ambazo uzuri wa sentensi unamsahaulisha msomaji kwamba kuna mfupa uliovunjika. Mimi naona kosa liko kwingine, katika sehemu ya mwisho. Kerewin anaugua uvimbe tumboni, anajitenga kibandani ili afe, na anaponywa na mtu asiyejulikana. Joe anaokolewa na mzee mlinzi baada ya kujirusha jabalini. Simon anatoroka kila anakowekwa. Haya yote yanakuja upesi mno, kwa mtindo wa uhalisia-mazingaombwe, na mzigo ambao kurasa mia nne ziliubeba kwa uzito unatuliwa kwa kurasa chache. Joe anarudishiwa mtoto. Je, amelipa? Riwaya haisemi, na kutosema huko hapa si hekima.

Pingamizi la pili lilitoka kwa mhakiki na mwandishi wa Nyuzilandi, C. K. Stead, mwaka wa 1985. The Bone People ilikuwa imepata pia tuzo ya Pegasus iliyotengewa fasihi ya Wamaori, na Stead alihoji: mwandishi ambaye ni mmoja tu kati ya mababu zake wanane aliyekuwa Mmaori, na aliyeandika kwa Kiingereza, anawezaje kupewa tuzo ya Wamaori? Msomaji wa jarida hili ataitambua hoja hiyo hata ikivaa kanzu. Ni ndugu ya swali letu la miaka mingi, Mswahili ni nani, ambalo Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff waliliandikia kitabu kizima mwaka wa 1994. Wapo waliohesabu damu, wapo waliohesabu dini, wapo waliohesabu lugha. Na Walibora, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alimpa shujaa wake jina la Mswahili bila kumwomba mtu ruhusa. Hulme naye hakujibu kwa hesabu ya damu. Kerewin wake, ambaye ni Mmaori kwa kiasi kile kile alichokihesabu Stead, hujiona Mmaori kuliko alivyo kingine chochote.

Ndipo turudi kwenye mifupa. Mzee anayemwokoa Joe amekaa maisha yake yote akilinda mauri, jiwe lililobeba uhai wa nchi, akimngojea mrithi. Joe, mpigaji na mfungwa, ndiye anayekabidhiwa. Mkazi wa pwani ataisoma sura hii na kukumbuka fingo, kago linalofukiwa ndani ya kaya za Wamijikenda ili kuulinda mji, na wazee wanaolilinda hata baada ya watu kuhama kaya. Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, huku vigango, nguzo wanazosimikiwa wazee waliofariki, vikiendelea kudaiwa kutoka kwa makavazi ya Marekani vilikopelekwa baada ya kuibwa. Tofauti ni kwamba mlinzi wa kaya hamkabidhi mgeni. Mzee wa Hulme pia hangetaka. Anakabidhi kwa kuwa hapana mwingine.

Lakini bara ya Kisauni ina mfano ulio karibu zaidi na watu watatu wa Hulme, nao ni Frere Town. Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha hapo makazi ya watumwa waliookolewa majahazini: Wayao, Wanyasa na wengineo, ambao wengi walitekwa wakiwa wadogo kiasi cha kutojua njia ya kwao. Kengele yao ya kutahadharisha imeacha jina, Kengeleni, ambalo abiria wa matatu hulitaja kila siku. James Mbotela, mwana wa mmoja wa waliokombolewa, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka wa 1934. Tukikisoma mara nyingi tunakisoma kama historia, au tunakilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Kinaweza kusomwa pia kama kisa cha watu ambao mifupa ya wazee wao ilibaki mbali, wasiokuwa na damu moja, wakalazimika kuwa ukoo kwa sababu walitua ufuo mmoja. Simon angepata pa kukaa pale.

Sasa jina. Watu wa Mifupa ni tafsiri sahihi isiyofaa, kwani kwa Mswahili mifupa ni ukondefu au kaburi. Kiswahili husema damu pale Kimaori kisemapo mfupa: damu moja, damu nzito kuliko maji. Mfasiri akichukua damu atakuwa ameisaliti riwaya katika jalada lake, maana ndicho kitu ambacho watatu hawa hawana. Kitovu kingekaribia, nasi husema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu, na katika Kimaori neno whenua ni ardhi na pia ni kondo la nyuma. Hata hivyo kitovu cha Simon hakijulikani kilipo. Ukoo ni neno baridi.

Na kabla ya jalada mfasiri atakuwa amekwama kwenye neno jingine dogo. Simon ni nani kwa Joe: mtoto wa kulea, mtoto wa kuokota, au mwanawe? Mimi ningeandika mwanawe tangu ukurasa wa kwanza, na ningelazimika kuliandika neno lilo hilo katika ukurasa ambao kipigo kinaanza.