Ng'ombe Akifa, Mfugaji Alipwe na Nani?



Mwaka 2022 nyama ya ng'ombe ilikuwa adimu hapa Jabe. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imeingia katika mifugo ya nchi, na serikali ikapiga marufuku kuuza na kuchinja. Sisi wa mjini tulisikitikia mishikaki. Aliyeumia zaidi ni mfugaji wa kilimani, na mfugaji huyo mara nyingi ni baba yetu, mama yetu au mke wetu.

Wengi wetu tulio viwandani Bujumbura, katika chai ya Teza na Rwegura au katika miwa ya Moso, tunajinyima ili ng'ombe anunuliwe nyumbani. Ng'ombe huyo ndiye benki yetu. Hutoa maziwa kwa watoto na samadi kwa migomba, na siku ya ugonjwa huuzwa. Tena tangu Oktoba 2021, sheria ya kufugia zizini ilipoanza kutekelezwa, kuna gharama ya zizi na ya majani. Akifa, akiba ya miaka imekwenda.

FIDIA INATUHUSU SOTE

Homa hii huenezwa na mbu, lakini mtu huipata pia kwa kugusa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mfugaji anayejua kwamba akitoa taarifa atabaki na hasara tupu, hushawishika kunyamaza. Huchinja usiku, na nyama huletwa mjini. Mchinjaji na mpishi ndio wanaotangulia hatarini. Kwa hiyo fidia si sadaka. Ni kinga yetu.

WENZETU WA KENYA

Oktoba 2015 serikali ya Kenya ilianzisha bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir. Serikali yenyewe ililipa ada kwa familia zilizochaguliwa, kwa kiasi cha ng'ombe 5. Setilaiti zilipima ukijani wa malisho. Yakikauka kupita kiwango, wenye bima wote wa eneo hilo walilipwa bila kungoja mizoga ihesabiwe. Mapema mwaka 2017 familia zaidi ya 12,000 zililipwa jumla ya shilingi milioni 214 za Kenya. Ukigawanya, ni karibu shilingi 18,000 kwa familia: haitoshi kununua kundi jipya, lakini hununua chakula cha mifugo kabla haijafa.

Hata hivyo bima ile ilikuwa ya ukame. Aliyefiwa na ng'ombe kwa homa hakulipwa nayo. Tujifunze njia, tusiige kila kitu.

TUNATAKA NINI

1. Kila ng'ombe aandikwe komine angali hai, kabla ya janga.
2. Daktari wa mifugo afike upesi, na karatasi yake iwe ushahidi wa kutosha.
3. Malipo yafike mkononi mwa mfugaji mwenyewe, na orodha ya waliolipwa isomwe hadharani kilimani.
4. Mama anayemtunza ng'ombe aandikwe jina lake pia.

Nchi yetu inaujua mshikamano. Baada ya vita, katika miradi ya kugawa ng'ombe, aliyepewa alimpa jirani ndama wa kwanza. Moyo huo sasa uingie katika sheria.

Ndugu, jambo hili tulipeleke katika mikutano ya matawi yetu. Na jioni ya leo kila mmoja apige simu nyumbani, aulize: ng'ombe wetu amechanjwa? Mfanyakazi na mfugaji hula chungu kimoja.